Bibi ana alama mikononi, mjukuu asema kaanguka

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati moja Likoni, Mombasa. Bibi wa miaka 78 huletwa kliniki ya presha na mjukuu wake. Juzi mikono yote miwili ilikuwa imevilia damu upande wa ndani, kati ya kiwiko na bega. Presha haishuki, na nikimuuliza bibi, mjukuu ndiye ajibuye. Naogopa kumsingizia mtu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kutafuta mwenye hatia si kazi yako. Anayeanguka mara nyingi hujigonga penye mfupa: goti, kiwiko, paji la uso. Alama za ndani ya mkono, tena pande zote mbili, zanifanya nifikirie kushikwa kwa nguvu. Hata hivyo ngozi ya uzeeni ni nyepesi, na anayemeza aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, huvilia kwa kuguswa tu, kwa hiyo angalia dawa zake. Rangi ya alama usiitumie kukadiria siku. Vidonge navyo vihesabu: vikibaki vingi, hapewi au hakumbuki. Uliza pia pesa za Inua Jamii, zile serikali huwapa wazee, humfikia nani mkononi. Kula haki ya mzee ni dhuluma vilevile.

Muombe mjukuu asubiri nje mnapompima bibi. Liwe jambo la kawaida kwa kila mgonjwa, asishtuke. Keti, usimsimamie. Anzia mbali: nani hukupikia? Halafu: "Kuna mtu nyumbani unayemwogopa? Kuna aliyekushika ukaumia?" Akiwa husema Kidigo zaidi, mkalimani awe mwenzako wa kazini, asiwe wa nyumbani kwake. Huenda akakana, kwani wazee wetu hawapendi kuanika ya nyumbani, na huenda anayemuumiza ndiye amlishaye. Usimbane. Mpe tarehe ya karibu, umuulize tena.

Kwenye faili usiandike "amepigwa". Andika: "alama mbili, sentimita 4, ndani ya mkono wa kulia," uchore na mahali pake, na maneno ya bibi kama alivyoyasema.

Siku hiyo hiyo mwarifu mkuu wa zahanati na afisa wa ustawi wa jamii. Bibi akiridhia, dawati la jinsia la polisi lipo, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, itajazwa kituoni na kwa daktari. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinamlinda mzee dhidi ya dhuluma.

Ila ukisikia anaitwa mchawi, usingoje kliniki ijayo. Huku Pwani wazee wameuawa kwa neno hilo. Mpe rufaa alazwe, na polisi wajue kabla hajatoka.

Mjukuu naye muulize, peke yake, analalaje na nani humsaidia. Wengine wamechoka tu. Lakini aliyoyasema bibi usimwambie.