Kusoma ndani na kuazima ni ruhusa mbili tofauti

Mwalimu, umeuliza iwapo mtu wa Malindi asiye mwanafunzi anaweza kuingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi, na kurudi na vitabu nyumbani. Kwa desturi ya vyuo vikuu vingi, mgeni huruhusiwa kusoma ndani iwapo ataonyesha kitambulisho na barua ya kueleza anachotafiti, na pengine alipe ada ndogo. Lakini kuazima huachiwa wanafunzi na wafanyakazi, kwa kuwa hao chuo kina njia ya kuwadai, mmoja kwa kumzuilia cheti na mwingine kwa kumkata mshahara, ilhali mgeni akishapanda matatu na kitabu hana wa kumfuata. (Mimi sivilaumu vyuo kwa hilo.) Hata aliyesomea hapo zamani asidhani kadi yake ya kale ingali na nguvu.

Majarida ya kielektroniki ni shauri jingine, kwani chuo huyalipia kwa mkataba unaotaja nani ayasome, na mara nyingi mgeni huyafungua kwenye kompyuta za maktaba tu. Tasnifu hazitolewi nje, ingawa vyuo vingi vya Kenya huziweka wazi kwenye intaneti, nawe waweza kuzisoma bila kutoka Malindi.

Andika kwanza kwa mkutubi, utaje vitabu unavyovihitaji kwa majina, kisha uulize kama wanakubali kuazimana na maktaba ya shule yako. Ombi la taasisi husikilizwa upesi kuliko la mtu binafsi.