Kanga za mama zimejaa masanduku, nifanyeje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama alifariki mwaka jana, sasa tunataka kupangisha nyumba yake hapa Tanga ila chumba kimejaa, masanduku mawili ya kanga, redio mbovu, magodoro. Juzi nimekutana na ile aliyokuwa anajifunga jikoni, ina doa la bizari pindoni, nikakaa chini nikalia. Wifi anasema nichome tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usichome kitu! Kwanza kaeni ndugu wote muongee maana hiyo ni mirathi, ukigawa peke yako kesho maneno. Halafu anza na visivyouma, redio, magodoro, kanga ziache mwisho kabisa. Siku hiyo waite dada zako na mashoga wa mama mzifungue moja moja msome majina yake, mtacheka mtalia, kila mmoja aondoke na doti yake, na hiyo ya doa la bizari baki nayo wewe hata kama imechakaa, wala usiifue. Zinazobaki pelekeni wodi ya wazazi, pale kanga haikosi kazi. Mpangaji atasubiri.