Tasnifu ya sera ya nje: anza na uamuzi mmoja

Kila msimu wa maandiko ya utafiti, mada ni ileile: "Sera ya mambo ya nje ya Tanzania tangu uhuru." Hiyo ni mada ya kumaliza uprofesa, siyo shahada ya uzamili. Chukua uamuzi mmoja wenye tarehe. Kuvunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru, kwa mfano, au kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, au Bunge kuridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika mwaka 2021. Kisha tafuta njia nyingine iliyokuwa wazi siku ile. Isipokuwepo, huna cha kueleza.

Nadharia isitangulie. Andika kwanza kurasa mbili za mfuatano wa matukio, halafu uone nadharia ipi inakwama. Anayedai nchi maskini hufuata penye fedha aieleze 1965, Tanzania ilipokosa mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 na bado haikurudi nyuma.

Aliyeko Dodoma ana Bunge mlangoni, na ajabu ni wachache wanaosoma Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kwa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, mikataba inayohitaji kuridhiwa hupita hapo. Soma hotuba ya waziri, maoni ya kamati, michango ya wabunge, kisha majumuisho ya waziri. Wengi huishia kwenye hotuba, ambayo imeandikwa na kuchujwa ofisini. Majumuisho ndiyo yenye nyama, kwa sababu waziri anajibu hoja ambazo hakuzipanga yeye. Nakili mkutano, kikao na tarehe papo hapo. Kuvitafuta baadaye ni adhabu.

Kura za Umoja wa Mataifa nazo zina mtego. Tarehe 2 Machi 2022, azimio la Baraza Kuu lililoitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata kura 141 za ndiyo na 5 za hapana, na nchi 35 zikajizuia, Tanzania ikiwamo. Jumla ni 181, wakati wanachama ni 193. Hao 12 waliobaki hawakushiriki kabisa, Ethiopia mmojawapo. Ukiwachanganya na waliojizuia, jedwali lako limeharibika. Na kura moja haitoshi kudai "kutofungamana" na upande wowote. Linganisha na maazimio yaliyofuata.

Mahojiano yaje mwisho. Ukimuuliza ofisa "kwa nini Tanzania ilifanya hivi?" atakusomea diplomasia ya uchumi ya Sera ya Mambo ya Nje ya 2001, ambayo tayari unayo. Uliza nani aliandaa rasimu, ilipita wizara zipi, ilikwama kwa nani. Peleka barua ya utambulisho ya chuo Mji wa Serikali Mtumba mapema, na usipange mahojiano kati ya Aprili na Juni: huo ni wakati wa Bunge la Bajeti, na unaowahitaji wanashinda wakiandaa majibu ya waziri.