Ukifika Mtwara mvua inanyesha, lala mjini kwanza

Basi lilipoteremka kuingia Mikindani, saa tisa alasiri, ghuba yote ilikuwa na rangi ya majivu. Watoto walikuwa wamebanana dirishani tangu Lindi, wakingoja kuiona ile bahari ya buluu niliyowaahidi mwaka mzima. Mdogo akanigeukia: "Mama, bahari ndiyo hii?" Nilikosa la kumjibu. Mvua ilitupokea Mchinga na haikutuacha tena.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua na safari ndefu humchosha. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, kilomita 560 hivi, na fedha ya safari ile tuliiweka kidogokidogo tangu Januari. Ndiyo maana naandika. Anayekwenda pwani kwa akiba ya mwaka mzima hana siku ya kupoteza, na sisi tulipoteza mbili kwa sababu ya uamuzi wa nusu saa tuliyosimama stendi.

Tulikuwa tumelipia banda la ufukweni upande wa Ruvula, mwisho kabisa wa Msimbati, zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini. Tulilipa usiku zote nne kabla ya safari. Nilipompigia mwenye banda kumweleza kwamba mvua ni kubwa na tunaomba kusogeza siku moja, alisema fedha iliyolipwa imelipwa, tuje au tusije. Basi tukaona bora twende. Dereva tuliyempata, kijana mwenye Noah, alitazama juu, akatazama mizigo yetu, akamwambia mume wangu kwa adabu, "Kaka, kwa leo mngelala tu hapa mjini. Kesho asubuhi nawapeleka vizuri." Tulimsihi, tukamwongezea nauli, akakubali kwa shingo upande.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Gari lilizama kwenye tope baada ya Madimba, kule kwenye mtambo wa kuchakata gesi. Mume wangu na dereva walisukuma, vijana waliokuwa wakirudi shamba wakaja kusaidia, na mama mkwe alibaki ndani ya gari amejifunika kanga, anasoma dua. Tulifika Msimbati kijijini saa moja na nusu usiku. Hapo dereva akatueleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia wakati wa kulipa: kutoka kijijini kwenda Ruvula magari hupita juu ya mchanga wa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Usiku ule maji yalikuwa bado hayajakupwa vya kutosha, na giza lilikuwa totoro. Hakuwa tayari kuliingiza gari lake humo, na hakukosea.

Tulilala kwa bibi mmoja tusiyemjua, aliyetuona tumesimama kwenye baraza ya duka na watoto wamelowa. Alitandika mikeka, akawasha moto, akachemsha chai ya rangi. Hakutuuliza tumetoka wapi mpaka watoto walipokwisha kunywa.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hilo la dereva: ukifika Mtwara na mvua inanyesha, lala mjini. Chumba cha kawaida Shangani au Mikindani kinatosha. Mvua haina ubaya wake kwa mtu aliyeketi barazani. Ubaya uko barabarani, na uko katika kuingia usiku mahali usipopajua ukiwa na watoto na mtu mzima. Asubuhi utaiona njia, utawauliza waliotoka huko, na utajua maji yanakupwa saa ngapi.

La maji nataka kulikazia, kwa sababu sisi wa mjini tukifika pwani tunatazama juu tu. Tunafungua simu kuangalia picha ya wingu. Wenyeji wa Msimbati wanatazama maji. Asubuhi ile nilipomwamkia bibi yule, "Shikamoo bibi," aliitikia, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje?" kisha kabla sijalalamikia mvua akasema, "Leo bamvua. Saa nne maji yatakuwa mbali, mtapita." Na kweli. Saa nne tulipita juu ya mchanga mgumu, mvua ikinyunya, na watoto walishuka kwenye gari wakakimbia mbele.

Kwa asiyejua: bahari hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa muda wa karibu saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku saa inasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, na pwani hii tofauti kati ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Katikati yake huwa maji mafu, tofauti ni ndogo. Katika ukanda wetu, siku za bamvua maji hukupwa katikati ya asubuhi, na ndipo utawaona kina mama wanakwenda na vijiti vyao kutafuta pweza mwambani. Ukiijua saa hiyo utapanga siku yako vizuri hata mvua ikinyesha: kutembea ufukweni wakati wa maji kukupwa, kuoga yakianza kujaa, kupumzika au kwenda mjini saa nyingine. Muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kufikiri.

Kuna jambo jingine nililijifunza kwa bibi huyohuyo, na lilinigusa kuliko yote. Nilipomwambia, "Mvua hii imetuharibia, bibi," alinitazama akiwa tayari ameshika jembe mkononi. Akasema, "Mwanangu, hii tumeingoja tangu mwezi uliokwisha." Alikuwa anakwenda kupanda mahindi. Niliona aibu. Nimesimama kwenye ua wa mtu, nimelala kwenye mkeka wake, namlalamikia riziki yake. Tangu siku hiyo nawaambia watoto wangu: ukiwa mgeni usiilaani mvua mbele ya mkulima. Uliza kwanza kama wamekwisha kupanda. Desemba huwa pia kuna wenye korosho ambazo hazijakauka, nao wana hofu yao tofauti na mvua hiyohiyo. Ukiuliza utasikia mengi, na watu watakuzoea haraka.

Mimi nilidhani nimepanga vizuri. Kwetu Dar tumezoea vuli na masika, kwa hiyo nilihesabu kwamba vuli ikiisha, Desemba ya mwishoni itakuwa kavu. Kusini mambo si hayo. Mtwara na Lindi wana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Desemba ndiyo kwanza unakolea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mikoa hii ya msimu mmoja peke yake, kabla msimu haujaanza, na mimi nilikuwa nimesoma ule wa ukanda wetu. Kama watoto wako wanafuata likizo za shule, Juni ni kavu, ila kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Asiyebanwa na shule aende Septemba au Oktoba, mvua haijaja na upepo umetulia. Lakini najua wengi wetu tutakwenda Desemba, maana ndipo familia nzima inapatikana. Nendeni. Mjue tu mnakoingia.

Kuoga baharini wakati wa mvua si kosa. Maji ya Desemba ni ya vuguvugu, na watoto wangu walioga kwenye manyunyu mpaka midomo ikapauka kwa chumvi, kwa raha kuliko siku zote. Kosa ni radi. Ukiona umeme au ukisikia ngurumo, wote watoke majini hapohapo, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasikimbilie chini ya mnazi pia. Mnazi ni mrefu na radi huutafuta, na upepo huangusha nazi na makuti. Mvua kubwa ikinyesha bara, mito huleta tope na magogo baharini, kwa hiyo midomo ya mito si mahali pa kuoga. Mto Ruvuma una mamba na viboko, usimruhusu mtoto acheze karibu na maji yake hata kama yanaonekana yametulia. Na nahodha akikuambia leo hatutoki, usimwongezee fedha. Nilishaona fedha ya kuongeza inavyomfanya mtu mwema aende kinyume na akili yake.

Vimbunga ni nadra kwetu, lakini si hadithi. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na wazee bado husimulia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu walitakiwa kuhamia sehemu salama. Mei 2024 Hidaya ilifika pwani yetu, na mvua kubwa ikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, abiria wakakwama. Ukisikia tahadhari ya namna hiyo redioni, ahirisha safari, hata kama nauli imekwenda. Ukiwa tayari uko kule, hama ufukweni mapema kuingia mjini, na uwe na fedha taslimu ya siku mbili tatu za ziada, kwa sababu umeme ukikatika na mtandao ukipotea wakala hawezi kukutolea hata shilingi.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Lipa usiku wa kwanza tu, au uliza kabla hujatuma fedha: mvua ikifunga njia, nitasogeza siku? Jibu aliandike kwenye ujumbe wa simu. Uliza pia paa ni la nini. Makuti mapya hayavuji, yaliyochakaa huvuja mahali palepale ulipoweka kitanda. Letu lilivuja juu ya mama mkwe, na baada ya usiku mmoja tu tulifungasha tukarudi Mtwara, tukiziacha usiku mbili tulizolipia. Banda lile halikuwa na chandarua kizima hata kimoja, na mikoa hii ina malaria nyingi hasa mvua zikianza, kwa hiyo chandarua nabeba changu siku hizi. Nguo na simu natia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, usitegemee kuokota mmoja dukani kwa dharura. Ndoo pia ni kiti cha mama mkwe wakati wa kusubiri gari.

Zile siku zilizobaki tulikaa Mikindani, na sasa nadhani huko ndiko tungeanzia. Mji ule umejengwa kwa mawe ya matumbawe, nyumba nyingine zimebaki kuta, nyingine bado zina milango ya nakshi. Mvua ikipungua tunatoka, ikizidi tunaingia kwenye baraza ya mtu, tunaamkia, tunakaa. Hakuna aliyetufukuza. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko pale juu, leo ni hoteli, na ukiwa hapo unaiona ghuba yote na mvua inavyokuja kutoka baharini kama pazia. Mwanangu mkubwa alikuwa amesoma habari za Livingstone shuleni, kwa hiyo nilimwonyesha kwamba mwaka 1866 safari yake ya mwisho kuingia bara alianzia Mikindani. Alisimama akaitazama ile ghuba ya majivu muda mrefu, akaniuliza kama wapagazi wake nao walinyeshewa.

Asubuhi tulikunywa supu ya pweza na mihogo ya kuchemsha. Mchana wali wa nazi na changu. Mama mkwe alipata wenzake wa rika lake wanaosuka ukili barazani, akakaa nao siku nzima akisahau magoti. Yeye ndiye aliyesema tusiondoke Mtwara bila kurudi Msimbati kumshukuru yule bibi.

Tulirudi siku ya saba, asubuhi, na dereva yuleyule, njia ikiwa imekauka kidogo. Tulimchukulia sukari, mchele na doti ya kanga. Nyumbani hakuwepo, jirani akatuelekeza shambani. Tulimkuta anapalilia kando ya muhogo, akatushika mkono mmoja mmoja, kisha akamwinamisha mwanangu mdogo atazame chini: mahindi aliyokwenda kuyapanda asubuhi ile yalikuwa yameshachomoza.