Chukua Pentax, ila ikague kwanza

Mkuu, umeuliza kati ya Pentax K1000, kamera ya mkanda ya kuseti kwa mkono, na kamera ya otomatiki, ipi inafaa kwa picha nyeusi na nyeupe pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Mimi ningechukua Pentax bila kuumiza kichwa. Ilianza kutengenezwa 1976, shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ya mitambo mitupu. Betri ni ya kipima mwanga tu. Ikikufia ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, unaendelea kupiga.

Kabla hujatoa hela, fungua mlango wa nyuma, jaribu kasi zote za shata huku unasikiliza. Sponji nyeusi ya kuzuia mwanga pembeni mwa mlango ikinata kidoleni imeoza, mwanga utavuja, ila hiyo hubadilishwa. La kuogopa ni fangasi: elekeza lenzi kwenye mwanga, ukiona nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo. Mimi nilijifanya sizioni (bei ilikuwa tamu), na unyevu wa huku ziwani ukazinenepesha.

Mkanda, anza na Ilford HP5 Plus, ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga). Jua la saa sita weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya 1/500 ya sekunde, hutakosea sana. Ongeza filta (kioo cha rangi mbele ya lenzi) ya njano, au ya chungwa ukitaka makali zaidi: anga la bluu linaingia giza, mawingu juu ya Jiwe la Bismarck yanachomoza. Filta inakula mwanga, lakini kipima cha K1000 kinapima kupitia lenzi, kwa hiyo kishaihesabu.

Dagaa kwenye chanja zipige asubuhi, jua likiwa chini.