Barua kwa mwanangu: bango la kivukoni

Mwanangu mpenzi,

Huku Kigamboni hatujambo. Umeniuliza mabango yenu yaandikwe nini ili kina mama wasiogope kupasuliwa wakati wa kujifungua. Nawaza tangu alasiri, na kila nikianza naliona pantoni.

Habari ya mama yako mdogo unaijua, ila usiku ule sijakusimulia wote. Ilikuwa 1998. Uchungu ulimshika Jumanne, tukafika kivukoni Alhamisi usiku, amelala mkokotenini, ameuma upindo wa kanga yangu. Kanga ile ina tundu hadi leo. Pantoni liko ng'ambo, Magogoni. Taa za mjini tunaziona, na chumba cha upasuaji kiko hukohuko kwenye taa. Wala hakuogopa kisu. "Dada, waambie wanipasue." Alijua! Mama hafi kwa kutojua, mwanangu, anakufa kwa kungoja. Ripoti ya 2015 uliyonisomea, ya tume ya Lancet, lile jarida la madaktari, inataka upasuaji upatikane ndani ya saa 2. Sisi saa 2 ziliishia kwenye foleni ya pantoni.

Mtoto alitoka ameshafariki. Kichwa chake kilikuwa kimebana nyama za kibofu na uke mpaka zikafa, ndiyo fistula hiyo, mkojo ukawa haumzuiliki. Miaka 13 alilala chumba cha uani, godoro limefungwa nailoni, mpaka alipotibiwa hospitali ya CCBRT. Asubuhi ya kwanza kuamka mkavu alinipigia simu kabla ya adhana, tukalia tu.

Labda nawaonea na mabango yenu. Daraja tunalo tangu 2016, na vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka nchini: 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, 104 katika ule wa 2022. Na waoga wapo kweli. Lakini bado nasema, anakufa kwa kungoja.

Maana siku mbili zile za mwanzo hazikuwa za pantoni. Bibi yako alisema tumsubiri mume arudi kutoka Mafia, aruhusu yeye. Ni mama yangu, marehemu, na alifanya alivyofanyiwa. Simhukumu. Lakini siku mbili, mwanangu!

Bango moja waandikieni waume na mama wakwe, mlibandike hapo kivukoni. Mama yako mdogo amekubali mtumie picha yake, ila hataki mmfiche uso.

Mama yako