Waliopata si wote wanaojua

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo. Klabu yetu ya sayansi imewahoji watu 60, wengine soko la samaki, wengine stendi, kwa sentensi 10 za kujibu "kweli" au "si kweli". Sentensi 7 ni za kweli na 3 si za kweli. Kwenye sentensi "Viuavijasumu vinaua virusi pamoja na bakteria", watu 38 walijibu sawasawa kwamba si kweli. Je, tuandike kuwa asilimia 63 ya watu wa Bagamoyo wanalijua jambo hili? Na dodoso la namna hii linapima kweli uelewa wa sayansi?

JIBU: Hapana, mwalimu, msiandike hivyo. La sampuli nalimaliza haraka. Watu 60, hata wangepatikana kwa bahati nasibu kutoka wilaya nzima, wanaacha nafasi ya kukosea ya pointi kama 13 juu na 13 chini. Wenu wamepatikana sokoni na stendi, kwa hiyo hata hesabu hiyo haiwahusu. Andikeni "watu 60 tuliowahoji", basi.

Kubwa zaidi ni hili linalorudiwa kila mwaka na watu wenye vyeti vyao: kudhani kwamba idadi ya waliopata ndiyo idadi ya wanaojua. Kwenye kweli na si kweli, asiyejua kitu ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata. Kwenu wamekosa 22. Ikiwa hao 22 walikuwa wanabahatisha, basi wapo wengine kama 22 waliobahatisha wakapata. Watoe kwenye 38, wanabaki 16. Hiyo ni asilimia 27, si 63.

Lakini msikimbilie kuandika 27 pia. Huenda wote 22 hawakubahatisha. Huenda wanaamini kwa dhati kwamba amoksilini, ambayo ni kiuavijasumu, inaponya mafua ya virusi, na wangekubishia. Hapo 38 wanaweza kuwa wanajua kweli. Ukweli uko mahali fulani kati ya 16 na 38, na karatasi zenu haziwezi kusema ni wapi, kwa sababu hazikumpa mtu nafasi ya kusema "sijui". Asiyejua na anayeamini kinyume wamewekwa kapu moja, wakati kwa mwalimu ni watu wawili tofauti kabisa: mmoja anahitaji kufundishwa, mwingine anahitaji kwanza kuondolewa alichoshika.

Tena, sentensi 7 kati ya 10 ni za kweli. Anayejibu "kweli" toka mwanzo hadi mwisho, kwa heshima tu au kwa haraka ya kuwahi basi, anaondoka na alama 7. Mtampa sifa ya kuelewa sayansi.

Sasa lugha, ambako madodoso mengi yanaharibikia. Maswali haya yana asili. Mengi ya namna hii yalitumika Uingereza na Marekani mwaka 1988, na tangu hapo yanatafsiriwa huku na huko. Mtafsiri wa haraka akikutana na virusi na bakteria, vyote anaviita "vijidudu", na swali linakuwa dawa inaua vijidudu pamoja na vijidudu. Ninyi mmekwepa hilo, lakini "viuavijasumu" ni neno la bango la hospitali. Mama lishe anayesikia "sumu" ndani yake anawaza sumu. Mwambie "dawa kama amoksilini" uone jibu linavyobadilika.

Au chukua swali linalopendwa kuliko yote: dunia inalizunguka jua, au jua linaizunguka dunia? Lisome kwa sauti, kwa kasi ya mhoji aliyechoka saa nane mchana. Inalizunguka, linaizunguka. Tofauti yote imebebwa na silabi mbili zilizobadilishana nafasi. Anayekosa hapo huenda kakosa kusikia tu. Mpeni mchoro wa duara mbili, aoneshe kwa kidole kipi kinakwenda.

Kuna na ukanushi. Kwa Kiswahili, ukimuuliza mtu "Hujala?" naye hajala, atakujibu "Ndiyo". Kwa hiyo "Je, dawa hii haiui virusi?" ikijibiwa "ndiyo", maana yake ni "ndiyo, haiui". Mhoji mmoja ataandika kapata, mwingine ataandika kakosa. Sentensi za kukanusha zifuteni zote.

Hata swali likisikika vizuri, linaweza kupima kitu kingine. Marekani, mwaka 2012, shirika lao la taifa la sayansi liliwauliza nusu ya wahojiwa kama binadamu ametokana na aina za wanyama waliotangulia. Asilimia 48 walisema kweli. Nusu nyingine waliulizwa jambo lilelile likitanguliwa na maneno "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko", na waliosema kweli wakawa asilimia 72. Maneno machache yalifichua kwamba wengi walijua sayansi inasema nini ila hawakuikubali. Kujua ni kipimo kimoja, kukubali ni kingine.

Na hapa Bagamoyo tuna mfano wetu, wenye uzito zaidi kwangu. Utafiti wa wilayani humu uliochapishwa mwaka 1996 ulionesha kwamba watu wengi waliitenga degedege na homa ya malaria, wakaihusisha na shetani. Waulize watu kama hao "malaria huenezwa na mbu?" na watakujibu ndiyo, alama kamili. Kisha mtoto anakakamaa usiku kwa malaria kali, na jibu lile sahihi halimsaidii, kwa sababu mzazi haoni kwamba ni ugonjwa uleule.

Kwa hiyo rudieni hivi. Kabla ya kuhoji, tafuteni watu 8 wa elimu na kazi tofauti. Msomeeni kila mmoja sentensi, kisha mwambieni: "Hebu nieleze kwa maneno yako, hapa nimeuliza nini?" Wakipotea 3, sentensi ibadilishwe na ijaribiwe upya kwa watu wengine. Wekeni "sijui" na mhoji aitamke kila mara. Sentensi za kweli ziwe 5, zisizo za kweli 5. Tengenezeni dodoso A na B, sentensi iliyo ya kweli kwenye A igeuzwe iwe isiyo ya kweli kwenye B, bila kukanusha, mgawe nusu kwa nusu. Mkiona tofauti kubwa, wahojiwa wanafuata mkondo wa swali. Kwa sentensi 3 ulizeni pia "kwa nini?", jibu liandikwe neno kwa neno, kisha watu wawili walipatie alama kila mmoja peke yake. Linakula muda, ndiyo. Njia ya mkato hakuna.

Dodoso lililojaribiwa hivyo na kurudiwa kwa maneno yaleyale mwaka hadi mwaka lina faida: linaonesha kama watu wanasogea. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni vishoka wa takwimu, wanaouza madodoso yaliyokwisha kutafsiriwa, wakajaza vishikwambi kwa siku mbili chini ya mwembe, kisha wakatoa ripoti kwamba asilimia kadhaa ya Watanzania hawajui hiki au wanakijua kile. Elimu ya afya inaweza kuondolewa kijijini kwa sababu ripoti imesema wote wanajua, au wananchi wakaitwa wajinga kwa swali ambalo hata aliyelisoma hakulielewa. Ukiletewa asilimia ya namna hiyo, usibishane nayo. Omba ukurasa wa maswali, usome kwa sauti, na uulize wangapi walijibu "sijui". Asiyeweza kukuonesha hayo mawili, ripoti yake mrudishie.